Nilivyoshonewa Ndani ya Mkia wa Nguva

Nyie mlionicheka wiki iliyopita, leo mtacheka mpaka mkae chini. Ila kwanza niwakumbushe tulikotoka, maana najua wengine gazeti hili linawafikia likiwa limeshafungia maandazi.

Mimi ni Spès, fundi cherehani wa Katumba. Nampenda Agustino wa Sitalike, anayeendesha toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo nyuma. Naye ananipenda. Tatizo letu lina jina, linaitwa Shangazi Verdiana. Ndiye aliyemlea Agustino tangu mama yake alipofariki, na kwao posa haitoki bila neno lake.

Wiki iliyopita niliwasimulia yaliyonikuta kwenye kipaimara cha Dorice, mdogo wake Agustino. Gauni nilishona mimi. Dorice akainama mbele ya askofu, na gauni likafumuka kutoka shingoni mpaka kiunoni, kanisa zima likiangalia. Wa kwanza kumfunika alikuwa Shangazi Verdiana, na wakati anamfunika alikuwa ananitafuta mimi kwa macho.

Jioni yake akamwambia Agustino maneno ambayo sitayasahau: "Siku atakaponionyesha kitu alichoshona yeye na hakifumuki, nitatuma watu kwao. Kabla ya hapo utafute kwingine."

Sasa hapo ndipo akatokea Martin.

Martin ana studio ya picha kule Kawajense. Alinikuta sokoni Mpanda nikichagua vifungo, akanivuta pembeni.

"Spès, nataka mkia wa nguva."

"Mkia wa nini?"

"Nguva. Yule nusu mwanamke nusu samaki. Nimechora ziwa ukutani, zuri kweli, lakini ziwa halina mtu. Wateja wamechoka kupiga picha na maua ya plastiki."

"Kitambaa unanipa?"

"Kitambaa utajua mwenyewe. Ila uwe wa kweli. Mtu akiuona kwanza aogope. Na wa kwanza kupigwa picha utakuwa wewe, nitaikuza, nitaitundika nje na jina lako chini: Spès fundi."

Nje ya studio ya Martin ndiyo njia ya Shangazi Verdiana kila anapokuja mjini. Nikaona huyo mwanamke nimeshampata. Ataona kazi yangu ukutani, kubwa kama mlango, haijafumuka popote. Nikasema ndiyo kabla hata sijafikiria, na ndivyo ninavyoingia kwenye matatizo yangu yote.

Kitambaa sina, nikaanza na nilivyo navyo. Nilichukua skintaiti mbili za mtumba nikazishona zikawa mfuko mmoja wa kubana. Nikachomoa sponji kwenye godoro la Nyogokuru kutengeneza nyonga na minofu.

Nyogokuru ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Jina lake ni Apollinarie, ila ukimwita hivyo anadhani umetoka serikalini.

"Godoro langu limepungua," akasema asubuhi yake.

"Ni kwa ajili ya posa yangu, Nyogokuru."

"Posa inalaliwa?"

Pezi la chini nilikata kwenye dumu la mafuta ya kula, nikalipasha juu ya jiko la mkaa mpaka likalainika, nikalikunjakunja likawa na mawimbi. Ndani yake nikafunga kandambili za kuwekea miguu. Mpaka hapo mambo yalikuwa safi.

Shida ikaja kwenye magamba. Nilianza kwa kukata chupa za maji. Nikazikata siku nzima, nikazipaka rangi ya kucha, nikazipanga, nikamwita Nyogokuru aone.

"Hizo ni chupa," akasema, akarudi kuchambua maharage yake.

Alisema kweli. Nikaenda kwa akina mama wanaouza samaki wa kutoka Karema. Nikamkuta mmoja anaparua sato, magamba yanaruka mpaka kwenye nywele zake.

"Mama, naomba hayo magamba."

"Na samaki?"

"Magamba tu."

Aliniangalia kwa huruma, akanijazia mfuko, akaongeza na kichwa kimoja. "Kapike supu, mwanangu. Mambo yatakaa sawa."

Niliyaosha kwa sabuni na limao, nikayaanika, nikayachovya kwenye rangi ya kijani ya nguo. Kisha nikaanza kuyabandika kwa gundi ya kuzibia pancha, moja moja, nikianzia chini kwenda juu, kama mtu anayeezeka nyumba. Nisiwadanganye, mkia ulitoka. Ukiuona unatafuta sufuria.

Ila limao halikufanya kazi yake. Paka wa mtaa mzima walihamia uani kwetu, na mmoja wao, mweusi mwenye sikio lililokatika, hakuondoka hata nilipomrushia kandambili.

Basi ikafika siku ya picha. Martin alisema atakuja mwenyewe mchana na kamera yake, tupigie mtoni kwanza halafu studio. Nikaingia kwenye mkia nijaribu. Mgongoni, kuanzia kiunoni mpaka magotini, nilikuwa nimeweka zipu ya koti la mtumba. Nilipoivuta tu, meno yote yakamwagika chini.

"Nyogokuru," nikaita, "njoo unishikize hapa nyuma. Mishono mitatu, minne tu. Tukimaliza picha tunafumua."

"Leta shazia," akasema.

Hapa ningetakiwa kusimama nifikiri. Shazia ni sindano ya magunia, ndefu kama penseli. Na Nyogokuru wangu ameshona marobota ya tumbaku maisha yake yote. Mnajua jinsi robota linavyoshonwa hapa Katumba: majani yakishabanwa kwenye sanduku, linavishwa gunia na kufungwa kwa mshono wa kujifunga, kila hatua fundo, ili asitokee mtu njiani akafungua na kuchomoa. Mshono ule haufumuliwi. Unakatwa, na anayeukata ni mteuzi wa sokoni peke yake, yule anayepanga tumbaku kwa madaraja.

Nyogokuru hajui mshono mwingine duniani.

Nikawa nimelala kifudifudi juu ya mkeka, najisikia raha, namuota Agustino kwenye suti. Nasikia tu uzi wa katani unapita, anavuta, anafunga, anapita, anavuta.

"Nyogokuru, ni minne tu."

"Tulia. Ukitikisika linakaa vibaya."

"Linakaa vibaya nini?"

"Robota," akasema. Kisha akanipiga kofi la matakoni, kama wanavyofanya robota likiisha. "Hili hata likienda kiwandani Morogoro litafika."

Nilijaribu kujigeuza. Nikajigeuza mzima mzima, kama gogo. Nikapeleka mkono nyuma: uzi wote umepita chini ya magamba, kutoka kiunoni mpaka magotini. Ukitaka kuukata lazima ukate na magamba, na sponji, na kazi yangu yote.

"Nyogokuru, sasa natokaje?"

Akafikiri. "Kwani mteja wako haji na kisu?"

Ndipo nikasikia mlio wa toyo.

Nikadhani ni Martin amekodi usafiri. Nyogokuru akachungulia mlangoni, akarudi na uso ambao sijawahi kumwona nao.

"Ni mchumba wako. Na nyuma amebeba mwanamke kwenye kiti cha plastiki."

Shangazi Verdiana. Ametoka Sitalike mpaka Katumba akiwa amekalia kiti kilichofungwa kamba kwenye bodi ya mizigo, kitenge kipya, mkoba mapajani. Agustino wangu, ambaye hawezi kukaa na siri hata ya chumvi, alikuwa amemwambia kwamba safari hii nashona kitu kisichofumuka. Hakusema kitu gani. Na yeye akasema twende nikakione sasa hivi.

Nilitaka auone mkia kwenye picha, mimi nikiwa nimeoga. Sikutaka anikute ndani yake, nanuka sato, siwezi hata kujikuna.

Nyogokuru akaninyanyua kwa kwapa akanikalisha kwenye benchi, akanitupia kitenge kuanzia kiunoni mpaka chini. "Tabasamu," akasema. Nikatabasamu.

Wakaingia. Agustino akaniangalia kwa furaha, kisha pua yake ikaanza kufanya kazi. Shangazi Verdiana akasimama katikati ya chumba akangoja.

Mnajua alichokuwa anangoja. Kwao Sitalike binti hamsalimii mkwe akiwa amesimama, wala akiwa amekaa. Anapiga magoti. Asiyepiga magoti amesema hataki, na hakuna haja ya maneno mengine.

"Shikamoo shangazi," nikasema kutoka kwenye benchi.

Hakuitikia.

Agustino akanikonyeza, akaonyesha sakafu kwa kidevu. Nikamkonyeza na mimi, nikaonyesha miguu yangu. Akadhani namtania.

"Binti anaumwa," Nyogokuru akaingilia. "Miguu imekufa ganzi."

"Tangu lini?"

"Tangu saa hii."

"Yote miwili?"

"Imeungana," Nyogokuru akasema, na hapo nilitamani ardhi ipasuke.

Shangazi Verdiana akavuta kigoda akakaa mbele yangu. Uso wake ulibadilika, nikaona kwamba ndani ya yule mwanamke kuna huruma, na huruma yenyewe ndiyo iliyonimaliza. "Mwanangu, kama una ulemavu ungesema. Sisi si watu wabaya. Hebu nione."

"Hapana, shangazi, itapoa tu."

Wakati huo huo yule paka wa sikio lililokatika akapita chini ya benchi, akaingia ndani ya kitenge. Nikahisi anaanza kula. Nikarusha miguu. Mkia ukapiga sakafu kwa kishindo, kitenge kikaruka, paka akatoka na magamba mdomoni, na pezi langu la kijani likabaki wazi mbele ya shangazi wa mchumba wangu, linatikisika.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliingiza mkono kwenye mkoba taratibu, akatoa rozari, akaanza kusali kwa sauti ya chini bila kuondoa macho kwenye pezi. Agustino alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani.

"Spès," akasema, "ungeniambia."

"Nikuambie nini, wewe? Ni nguo! Ni magamba ya sato na godoro la Nyogokuru!"

Ikabidi nieleze yote. Martin, ziwa la ukutani, zipu, shazia. Nilieleza haraka, na kila nilipofika mahali pa aibu Nyogokuru alinisaidia kwa kuongeza mahali pengine pa aibu. Shangazi Verdiana alisikiliza mpaka mwisho. Akabusu msalaba wa rozari akairudisha kwenye mkoba.

"Basi ni nguo."

"Ni nguo, shangazi."

"Na ndani una miguu."

"Miwili, mizima."

"Basi kata, toka, unisalimie kama watu wanavyosalimiana." Akageuka kwa Nyogokuru. "Mama, kuna kisu?"

Nyogokuru akaleta kisu cha jikoni, akakiweka juu ya benchi, pembeni yangu.

Jamani, nilikiangalia kile kisu. Nikikata, Martin anakuja anakuta matambara na magamba, picha hakuna, na mimi nitabaki yule yule wa gauni la Dorice. Nisipokata, sijapiga magoti, na posa imekufa leo hii. Agustino alikuwa ananiomba kwa macho nikate. Sijawahi kumnyima kitu Agustino.

"Hapana," nikasema.

Hata paka aliacha kutafuna.

"Umesema?" Shangazi Verdiana akauliza.

"Nimesema sikati, shangazi. Nimebandika magamba haya mpaka vidole vikachubuka. Salamu nitakupa, ila na mkia wangu."

Nikajiachia kutoka kwenye benchi. Nilitaka kuteremka kwa heshima, nikaanguka kama mfuko wa mahindi. Nikalala kifudifudi mbele ya miguu yake, mikono mbele, pezi juu.

"Shikamoo shangazi."

Nilingoja. Niliona tu vidole vyake kwenye sandozi, havisogei. Nikasikia Agustino anavuta pumzi.

"Marahaba," akasema.

Mwenzenu nikalia. Hapo hapo chini, machozi yanaingia kwenye vumbi, kwa sababu tangu kipaimara cha Dorice alikuwa hajaniitikia salamu hata moja.

Lakini Shangazi Verdiana hakuwa amemaliza. Alikuwa ameinama, anaangalia mgongo wa mkia. Akapitisha kidole kwenye mshono, fundo kwa fundo.

"Magamba mazuri," akasema. "Lakini magamba hayashiki nguo."

Akavua sandozi moja. Akaweka mguu wake juu ya kiuno changu, akashika mshono kwa mikono miwili, akavuta. Nikaburuzwa. Akavuta tena kwa nguvu, nikaburuzwa mpaka mlangoni, nikarudishwa mpaka kwenye benchi. Akamwita Agustino avute upande wa pili. Walivuta wote wawili, mpaka jasho likamtoka Agustino, mimi katikati nimeng'ang'ania mguu wa benchi.

Mshono haukufumuka hata uzi.

Shangazi Verdiana akakaa kwenye kigoda anahema. Nilimwona anatabasamu. Nawaambia ukweli, nilikuwa sijui kama ana meno ya juu.

"Aliyeshona hapa," akasema, "huyo ndiye mtu ninayemtaka kwenye ukoo wangu. Kesho natuma watu."

Agustino akaruka. "Si nilikuambia, shangazi? Si nilikuambia Spès anaweza?"

Na mimi nikanyamaza.

Msinihukumu. Nyie mngefanyaje? Furaha yangu yote imelala mbele yangu, inataka tu mimi nifunge mdomo. Nilimwangalia Nyogokuru. Alikuwa anaangalia dari, kama mtu aliyeona nyufa mpya. Angeniachia sifa ile. Alikuwa tayari kuniachia, na alikuwa anajua kuwa mimi najua.

Shangazi Verdiana akaokota shazia kwenye mkeka, akaninyooshea. "Hebu nionyeshe hilo fundo unavyolifunga. Nimeshona magunia tangu msichana na sijaona fundo kama hili."

Nikaichukua. Nikazungusha uzi huku, nikazungusha huku, nikavuta. Uzi wote ukatoka mkononi mwangu ukiwa mtupu.

Nikajaribu tena. Ukatoka tena.

Nikaweka shazia chini. "Si mimi, shangazi. Magamba ni yangu, umbo ni langu. Mshono ni wa Nyogokuru."

Agustino akajishika kichwa.

Nilingoja Shangazi Verdiana anitukane. Nilingoja achukue mkoba wake, apande kwenye kiti chake cha plastiki aondoke. Hakufanya hivyo. Aligeuza kigoda chake, mgongo wake ukanielekea mimi, uso ukamwelekea Nyogokuru. Akamwangalia mikono kwa muda mrefu.

"Mama, ni wewe?"

"Sasa nani mwingine?"

"Mzee wako yuko wapi?"

"Alishafariki. Siku nyingi."

"Pole." Shangazi Verdiana akasogeza kigoda karibu. "Baba yangu naye alifiwa na mke. Yupo Sitalike, ana nyumba ya bati, ana mbuzi, bado ana nguvu zake. Mtu wa kumshonea hata kifungo hana. Tumemtafutia mwenzake tumechoka, wote wanaokuja wanaangalia mbuzi."

"Shangazi," Agustino akasema taratibu, "tumekuja kwa ajili yangu."

"Nyamaza, watu wazima wanaongea."

"Lakini babu akimuoa Nyogokuru, mimi na Spès tutakuwa nani?"

"Ndugu," akajibu bila kugeuka. "Mtasalimiana vizuri tu."

Nikajaribu kuinuka. Mkia ukateleza, nikarudi chini. Nikamwita, "Nyogokuru, mwambie hapana. Nyogokuru." Huyu ni mtu aliyekataa wachungaji wawili na mwenyekiti wa kitongoji, nikajua neno hilo analo.

Nyogokuru hakuniangalia. Aliokota kile kitenge alichonifunika nacho, akakikung'uta magamba, akajifunga kiunoni, akakaza fundo. Akapapasa nywele zake.

"Huyo mzee," akasema, "anakoroma?"